Nani aone nini? Jinsi ya kudhibiti ruhusa za watumiaji katika dashibodi za takwimu

DAFTARI kubwa la hesabu lililokuwa likifungiwa kabatini, na ufunguo wake kukaa mfukoni mwa mhasibu, limetoweka katika afisi nyingi humu nchini. Mahali pake pamechukuliwa na ukurasa wa tarakilishi uliojaa tarakimu, chati na ramani za rangi, ambao meneja huufungua asubuhi kabla hata ya kuonja chai. Ukurasa huo huitwa dashibodi. Aghalabu hutengenezwa kwa programu kama vile Power BI ya Microsoft, iliyozinduliwa mwaka 2015. Tableau, iliyoasisiwa nchini Marekani mwaka 2003 na kununuliwa na kampuni ya Salesforce mwaka 2019. Qlik, yenye asili yake Uswidi. Au zana ya Google iliyoanza mwaka 2016 kwa jina Data Studio kabla ya kuitwa Looker Studio mwaka 2022.

Kazi ya programu hizi ni kuchota data kutoka hifadhi mbalimbali, za mauzo, mishahara, bidhaa na wateja, na kuziweka pamoja ili mwenye kutoa uamuzi asibahatishe. Faida yake ni kubwa. Hata hivyo, daftari la kale lilikuwa na ufunguo mmoja, ilhali dashibodi ina funguo nyingi kadiri ya watu waliotumiwa kiungo chake. Swali ambalo huachwa hadi mwisho katika afisi nyingi, na ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, ni hili: nani aone nini?

Swali hilo si la mafundi wa tarakilishi pekee. Ni la mkurugenzi, la afisa wa wafanyakazi na la mwanasheria wa kampuni. Zaidi ya wote ni la mteja au mgonjwa ambaye jina lake limo ndani ya data hizo, na ambaye aghalabu hajui kama kuna dashibodi.

KUTAMBUA SI KURUHUSU

Yapo mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni kumtambua mtu, yaani kuhakikisha kwamba anayejitambulisha kuwa karani wa mikopo ndiye karani huyo kweli. Kazi hiyo hufanywa na nywila, alama ya kidole au nambari ya siri inayotumwa kwa rununu. La pili ni kuamua, baada ya kumtambua, ni vyumba gani anavyoweza kuingia. Bawabu wa lango kuu hufanya kazi ya kwanza tu; hawezi kulaumiwa iwapo mgeni aliyeandikishwa vyema ataingia chumba cha mishahara kilichoachwa wazi.

Lango lenyewe likilegea, kufuli za ndani hazitasaidia. Mwaka 2024 wahalifu waliingia katika akaunti za wateja wa Snowflake, kampuni ya Marekani inayohifadhi data ambazo huchanganuliwa kwa programu za aina hii. Wachunguzi wa Mandiant walisema takriban mashirika 165 huenda yaliathiriwa. Mitambo ya Snowflake yenyewe haikuvunjwa. Wahalifu walitumia nywila halali zilizokuwa zimeibwa, baadhi yake tangu mwaka 2020, katika akaunti ambazo hazikudai uthibitisho wa pili. Nywila iliyoibwa ikiendelea kufanya kazi kwa miaka minne, kosa si la mwizi peke yake.

Sehemu iliyosalia ya makala haya inahusu jambo la pili, la ruhusa, kwa kuwa ndilo gumu zaidi na ndilo linaloachiwa kijana mmoja wa idara ya teknolojia alifanye peke yake Ijumaa jioni.

KANUNI YA KALE

Kanuni inayoongoza kazi hii ni ya zamani kuliko programu zenyewe. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala kuhusu kulinda habari ndani ya tarakilishi. Miongoni mwa kanuni walizoorodhesha ni kwamba kila mtu na kila programu ipewe ruhusa chache kabisa zinazotosha kumaliza kazi yake, na zisizidi hapo. Karani wa stoo hahitaji kujua mshahara wa dereva. Mkurugenzi naye, ijapokuwa ndiye mkubwa, hahitaji uwezo wa kufuta jedwali la mauzo. Hili la pili huwaudhi wakurugenzi wengi, lakini ukubwa wa cheo na upana wa ruhusa ni vitu viwili tofauti.

Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, walipendekeza kwamba ruhusa zisifungwe kwa mtu bali kwa wajibu wake. Badala ya kuandika kuwa fulani bin fulani aone mauzo ya Pwani, huandikwa kuwa “meneja wa eneo” aone mauzo ya eneo lake, kisha watu huingizwa na kutolewa katika wajibu huo. Programu zote za dashibodi zilizotajwa hapo juu zimejengwa juu ya wazo hilo. Anayegawa ruhusa kwa mtu mmoja mmoja, jina baada ya jina, baada ya mwaka mmoja hatajua tena nani ana nini. Akitumia makundi, orodha ya makundi ndiyo kumbukumbu yake.

MFANO WA SACCO

Tuchukulie chama cha akiba na mikopo chenye matawi Nakuru, Eldoret, Kisii na Mombasa. Makao makuu yametengeneza dashibodi moja ya mikopo: nani amekopa, kiasi gani, nani amechelewa kulipa. Meneja wa Kisii anapaswa kuona wanachama wa Kisii tu. Msimamizi wa kanda anayesimamia Nakuru na Eldoret aone matawi hayo mawili. Mkaguzi wa ndani aone yote, bila kubadilisha chochote.

Njia ya kizamani ni kutengeneza ripoti nne, moja kwa kila tawi. Inafanya kazi hadi siku ambayo fomula inarekebishwa katika ripoti tatu na kusahauliwa katika ya nne, na mkutano wa bodi kugeuka ubishi kuhusu tarakimu ya nani ndiyo sahihi. Njia bora ni ripoti moja inayochuja mistari ya jedwali kulingana na anayeisoma. Programu huangalia anwani ya barua pepe ya aliyeingia, huitafuta katika jedwali dogo la pembeni lenye safu mbili, moja ya barua pepe na nyingine ya tawi, kisha humwonyesha mistari ya tawi lake pekee. Mistari mingine kwake ni kama haipo. Meneja akihamishwa kutoka Kisii kwenda Eldoret, hubadilishwa mstari mmoja tu katika jedwali hilo dogo.

Hapo ndipo siri ya mtungi aijuaye kata. Jedwali hilo dogo sasa ndilo funguo zote za nyumba. Yeyote anayeweza kulihariri anaweza kujipa matawi yote manne kwa dakika moja, wala hakuna kitakachoonekana kuvunjwa. Aghalabu jedwali lenyewe ni faili ya Excel iliyowekwa katika folda ya pamoja ambayo afisi nzima ina uwezo wa kuiandikia. Iwapo kuna kitu kimoja cha kukagua leo katika kampuni yenye mpangilio kama huu, ni faili hiyo.

Mtego wa pili umo ndani ya Power BI yenyewe, na umewanasa wengi. Katika eneo la kazi la programu hiyo kuna ngazi nne za watu: msimamizi, mwanachama, mchangiaji na mtazamaji. Kichujio cha mistari kinamfunga mtazamaji peke yake. Watatu wa juu wana uwezo wa kuhariri, na kwa sababu hiyo kichujio hakiwagusi. Kwa hivyo, meneja wa Kisii akipandishwa kuwa “mchangiaji” ili tu aweze kurekebisha rangi ya chati, ataanza kuona mikopo ya Mombasa. Hakuna onyo litakalotokea. Yeye mwenyewe huenda akadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Lipo pia tatizo la jumla. Mistari ikichujwa, hata hesabu za jumla huchujwa. Meneja wa Kisii anayetaka kujua tawi lake limeshika nafasi ya ngapi atajikuta wa kwanza kati ya moja, na mikopo ya tawi lake kuwa asilimia 100 ya mikopo yote. Suluhisho si kumwondolea kichujio, kama wengi wanavyofanya kwa kuchoshwa na malalamiko. Hutengenezwa jedwali la pili lenye majumuisho ya kila tawi bila majina ya wanachama, likaachwa wazi kwa mameneja wote. Wataona ushindani, hawataona watu.

KUFICHA SI KUFUNGA

Kosa linalorudiwa zaidi ni kudhani kwamba kisichoonekana kimefungwa. Mtengenezaji wa ripoti huficha safu ya nambari za kitambulisho, au ukurasa mzima wa mishahara, kisha huituma ripoti akiwa na amani moyoni. Microsoft imeeleza katika maelekezo yake kwamba kuficha ni kwa ajili ya kupunguza msongamano machoni na si njia ya usalama. Mwenye ruhusa ya kuunda ripoti mpya kutokana na data hizo hizo anaweza kuifikia safu iliyofichwa. Ipo njia tofauti ya kufunga safu au jedwali lote lisionekane na kundi fulani, lakini lazima iwekwe kwa makusudi. Na njia salama kuliko zote ni kutoiingiza kabisa safu isiyohitajika. Dashibodi ya kuonyesha mwenendo wa mikopo haihitaji nambari ya simu ya mtu yeyote.

Gharama ya kosa hilo ilionekana Ireland Kaskazini. Mnamo Agosti 8, 2023, polisi wa huko walijibu ombi la raia mmoja aliyetaka kujua idadi ya maafisa katika kila cheo. Jedwali la majibu lilikuwa dogo na lisilo na hatia. Lakini ndani ya faili hiyo ya Excel mlisalia ukurasa uliofichwa wenye data asilia zilizotumiwa kupata hesabu zile: majina ya ukoo, herufi za mwanzo za majina, vyeo, vitengo na vituo vya wafanyakazi wote 9,483. Faili ilikaa kwenye mtandao kwa saa chache kabla ya kuondolewa.

Katika nchi nyingine tukio hilo lingekuwa aibu tu. Katika Ireland Kaskazini, ambako maafisa wa polisi wamekuwa wakilengwa na makundi yenye silaha na baadhi yao huwaficha hata jamaa zao kazi wanayofanya, lilikuwa suala la maisha. Polisi walithibitisha baadaye kwamba orodha hiyo ilifika mikononi mwa makundi hayo. Oktoba 2024 mdhibiti wa habari wa Uingereza aliwatoza polisi hao faini ya pauni 750,000. Hakuna aliyedukua chochote. Mtu alituma muhtasari, na muhtasari ukabeba shina lake.

Dashibodi hufanya vivyo hivyo. Faili ya Tableau iliyofungashwa pamoja na data zake humpa mpokeaji data hizo zote, hata zile ambazo hazionekani katika chati yoyote.

KIUNGO KINACHOTEMBEA

Kushirikisha dashibodi siku hizi ni kazi ya kubofya mara mbili. Hufunguka kidirisha kinachouliza kiungo kifanye kazi kwa nani: kwa watu waliotajwa, kwa yeyote ndani ya shirika, au kwa kila mwenye kiungo. Jibu la kwanza ndilo linalofaa karibu kila mara, na ndilo linalochosha kwa kuwa linadai majina. Kwa hivyo watu huchagua la pili, na “ndani ya shirika” hujumuisha mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani aliyepewa barua pepe juzi, pamoja na mwanakandarasi wa miezi mitatu.

Katika kidirisha hicho huwa na visanduku vingine vya kutia alama: iwapo mpokeaji aweze kumtumia mwenzake, na iwapo aweze kujenga ripoti zake kutokana na data zilizo chini. Visomwe kabla ya kutuma. Kisanduku cha pili ndicho kinachotenganisha anayetazama picha ya bustani na aliyepewa jembe.

Power BI ina njia nyingine ya kuchapisha ripoti kwa umma mtandaoni. Anayeitumia huonyeshwa onyo, lakini watu husoma maonyo jinsi wasomavyo masharti ya bima. Ripoti iliyochapishwa hivyo haimuulizi msomaji yeye ni nani. Msimamizi mkuu anaweza kuifunga njia hiyo kwa kampuni nzima na kuiacha kwa watu wawili watatu wanaohusika na mawasiliano ya umma. Tableau Public, toleo la bure la programu hiyo, nalo limekusudiwa umma: kazi inayochapishwa huko husomwa na dunia. Mwanafunzi anayejifunza kwa kutumia data za mwajiri wake amekwisha kuzitoa nje.

Zana ya Google ina jambo lake la pekee. Kila chanzo cha data huunganishwa ama kwa kibali cha mwenye ripoti au kwa kibali cha msomaji. Kikiwa cha mwenye ripoti, kila msomaji anaona kile ambacho mwenyewe angeona, hata kama msomaji huyo hana ruhusa yoyote katika hifadhidata. Ni rahisi na inafaa kwa takwimu za jumla. Kwa data za watu binafsi ni sawa na mwenye nyumba kuwaazima wageni mikono yake.

Kuhusu mipangilio inayokuja na programu kutoka kiwandani, tukio la mwaka 2021 linatosha. Kampuni ya usalama ya UpGuard iligundua kwamba tovuti zilizojengwa kwa Power Apps, zana ya Microsoft iliyo ndugu ya Power BI, zilikuwa zimeacha wazi takriban rekodi milioni 38 za mashirika 47. Baadhi zilikuwa taarifa za kufuatilia walioambukizwa Covid-19, miadi ya chanjo na nambari za utambulisho za wafanyakazi. Walioathiriwa ni pamoja na idara za serikali za majimbo ya Marekani na kampuni kubwa za nchi hiyo. Ulinzi wa majedwali ulikuwepo, ila ulihitaji kuwashwa, na wengi hawakujua. Baada ya ripoti hiyo Microsoft iligeuza mpangilio, ulinzi ukawa umewashwa tangu mwanzo.

MAJUMUISHO YANAPOSEMA SANA

Huweza kudhaniwa kuwa kuondoa majina kunamaliza kazi. Latanya Sweeney, mtafiti wa tarakilishi wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba sivyo. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limetoa data za matibabu za wafanyakazi wa serikali zikiwa hazina majina, ila zikiwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta. Sweeney alinunua daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha, akampata gavana wa wakati huo, William Weld, pamoja na rekodi zake za hospitali. Mwaka 2000 alikadiria kuwa sifa hizo tatu zinatosha kumtambulisha mtu kwa asilimia 87 ya wakazi wa Marekani.

Kwa dashibodi, hatari hii hukaa katika vichujio. Chati inasema zahanati moja ina wagonjwa 40 wa ugonjwa fulani, hakuna anayejulikana. Msomaji abofye jinsia, kisha umri, kisha kata, na chati ibaki na mgonjwa mmoja, mwanamke wa miaka 60 na kitu, katika kijiji ambacho wanawake wa umri huo wanahesabika. Ndiyo maana taasisi nyingi za takwimu hufunika hesabu yoyote iliyo chini ya kiwango fulani, mathalani watu watano. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa ripoti za mishahara: idara yenye wafanyakazi wawili haina wastani, ina siri mbili.

KAUNTI 47, DASHIBODI MOJA

Kenya ina mfano wake mkubwa, tena si wa aibu. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ilieneza kote nchini DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kuutumia nchi nzima kupitia mtandao. Mfumo huo umejengwa kama mti wa maeneo: taifa, kaunti, kaunti ndogo, kata, kituo cha afya. Mtumiaji huwekwa kwenye tawi la mti. Kuna eneo analoruhusiwa kuingiza data na kuna eneo analoruhusiwa kuzitazama, na si lazima yalingane. Mhudumu wa zahanati anaweza kuandika ya kituo chake na kusoma ya kaunti ndogo nzima.

Kando na mti huo, kuna wajibu unaosema mtumiaji anaweza kutenda nini, na kuna makundi yanayoamua dashibodi ipi inashirikishwa nani, kwa kutazama tu au kwa kuhariri. Dashibodi inaweza kutengenezwa ili ijipange kulingana na eneo la anayeifungua: afisa wa Turkana akaona Turkana, wa Kwale akaona Kwale, kwa ukurasa ule ule. Wanaonunua programu za bei ghali wangefanya vyema kwanza kumtembelea afisa wa rekodi za afya wa kaunti yao na kumwomba aonyeshe jinsi ruhusa zake zilivyopangwa.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutekelezwa Novemba 25 mwaka huo, iliipa haki hiyo meno. Inadai kwamba data za watu zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa, na kwamba ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu mwanzo. Data zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho cha chini.

Wenye dashibodi wasome hasa orodha ya data nyeti katika sheria hiyo. Pamoja na afya, kabila na imani, imo hali ya ndoa, imo mali ya mtu, yamo majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Sacco ya mfano wetu, ambayo fomu yake ya mkopo huuliza shamba la dhamana na jina la mrithi, ina data nyeti karibu katika kila mstari. Vilevile saa 72 hazitoshi kwa kampuni isiyoweka kumbukumbu ya nani alifungua ripoti gani na lini. Itatumia siku zote tatu ikitafuta kujua ni nini hasa kilichotoka.

KUFUNGA KUPITA KIASI

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo haizungumzwi vya kutosha. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani ilisema katika ripoti yake ya 2004 kwamba mashirika ya ujasusi yalikuwa yamefungiana habari mno, ikataka yashirikishane zaidi. Mwaka 2010 mchanganuzi kijana wa jeshi aliyekuwa Iraq, Chelsea Manning, alipakua zaidi ya nyaraka 250,000 za kidiplomasia kutoka mtandao wa pamoja na kuzitoa kwa WikiLeaks. Nchi hiyo ilipita kutoka kosa moja hadi lingine kwa chini ya miaka 10.

Katika afisi za kawaida, anayenyimwa ruhusa kwa wiki tatu hatasubiri. Atamwomba mwenzake ampakulie jedwali zima, naye atalipokea kwa WhatsApp. Tangu hapo kichujio cha mistari, ngazi za watumiaji na kumbukumbu zote hazina kazi, kwa sababu faili iliyokwisha kutolewa nje ya programu haijui tena sheria za nyumbani. Ombi la ruhusa linalojibiwa siku hiyo hiyo, hata kwa jibu la hapana lenye sababu, hulinda data kuliko kanuni kali zisizo na mtu wa kuzisimamia. Na anayestahili kujibu ni mwenye data, yaani mkuu wa idara ya mikopo kwa data za mikopo. Fundi wa tarakilishi hawezi kujua kama mkaguzi mpya anahitaji majina au jumla tu.

WANAOINGIA NA WANAOTOKA

Wanaoingia kazini husaidiwa haraka kwa kuwa wasipopata ruhusa hulalamika. Wanaohamishwa idara hubeba ruhusa za zamani na kuongezewa mpya, na baada ya uhamisho wa tatu wana funguo nyingi kuliko mkurugenzi. Wanaoacha kazi hawalalamiki kabisa, na ndiyo maana akaunti zao huishi. Dawa ni kuunganisha programu ya dashibodi na orodha kuu ya wafanyakazi ya shirika, ili jina likifutwa huko mlango ufungike huku, na kila robo ya mwaka mkuu wa idara apelekewe orodha ya walio na ruhusa aipitie kwa kalamu. Zikaguliwe pia akaunti zisizo za mtu, zile zinazotumiwa na programu kuchota data usiku. Hizo hazistaafu wala hazibadilishi nywila.

Mwisho ni jaribio. Power BI humwezesha mtengenezaji kuitazama ripoti kana kwamba yeye ni mtumiaji mwingine, na hiyo ni hatua nzuri ya kwanza. Lakini haionyeshi kila kitu, kwani ngazi ya mtu katika eneo la kazi inaweza kukifuta kichujio kilichofaulu katika jaribio. Afadhali msimamizi aombe akaunti halisi ya ngazi ya chini, aingie kwa tarakilishi nyingine, afungue ripoti na kubofya kila chati, ajaribu kupakua data, abadilishe tawi katika kichujio, akifungue kiungo kile akiwa nje ya akaunti yoyote. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na hurudiwa kila mara ripoti inapoongezwa ukurasa.